Baraka Katambaa, Mimi Nikasingizia Vumbi

Jamani, leo nimekatazwa kubeba mtoto!

Mimi, dereva niliyefika mpaka Lubumbashi, sasa naendesha gari la kituo cha yatima hapa Dodoma.

Kuna binti wa Kizungu anajitolea kwetu, mwanafunzi wa tiba ya viungo. Keshokutwa anarudi kwao, na Baraka, mtoto anayemfanyisha mazoezi, alikuwa bado hatambai.

Baraka akilia kidogo tu, namnyanyua. Moyo wangu siagi, mnanijua.

Leo binti kanigeukia: "Anko, ukimbeba kila saa hatatambaa. Kaa pale umsubiri."

Nikakaa. Mtoto akalia, akaninyooshea mikono. Nyie!

Mara goti likasogea. Na lingine. Akaja mpaka miguuni pangu!

Binti machozi. Mimi nikasingizia vumbi.

Tangu hapo hashikiki, saa hizi anaelekea jikoni.

Wenye watoto, breki ziko wapi?