Watoto Hawahesabiwi kwa Kidole

Mwanangu unayeanza kazi niliyoianza mimi, nakuita hivyo ingawa mvi zangu bado chache, siku niliyofukuzwa Lubunga, mtaa wa ng’ambo ya mto, haijanitoka kichwani, na leo naisimulia kwa fahari.

Serikali ilikuwa imeanza kutuma vijana nyumba kwa nyumba kuhimiza uzazi wa mpango, nami nilikuwa mmoja wao. Shule niliiacha mapema, hivyo kijitabu cha maelekezo walichotupa nilijifundisha peke yangu, mbele ya kioo, mpaka nukta. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kuvuka mto kwa mtumbwi.

Nilimwendea rafiki yangu Aziza. Uzazi wake wa mwisho ulimtoa damu nyingi hadi tukadhani tunamzika, na muuguzi alionya kwamba mimba nyingine ya haraka ingemuua. Nilimkuta uani na mumewe Saidi, anayebeba abiria kwa baiskeli, pamoja na mama mkwe wake, Mama Asumini. Kijitabu kilisema: anza na idadi ya watoto. Nikanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu...

“Weye!” Mama Asumini akaruka. “Unahesabu batoto ya batu sawa mbuzi ya soko?”

Kwetu kuwahesabu watoto wa mtu kwa kidole ni kukiita kifo. Nililelewa hivyo. Lakini kijitabu kilikuwa kimenijaa kichwani, nikasahau nyumbani.

Saidi akacheka kwa uchungu. “Bon, haya, Serikali haina hata daraja ya kutuvusha, lakini iko na nguvu ya kuhesabu tumbo ya bibi yangu?”

Nikaondoka mbio. Habari ikanitangulia mtaani: wamekuja kupunguza watoto wetu. Akina mama wakaacha hata kupeleka vichanga kupimwa uzito. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Nilishindwa kula kwa kumwaza Aziza.

Nikarudi bila kijitabu, nikapiga magoti mbele ya Mama Asumini aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akanipa mchi, akaniacha nitokwe jasho kwanza.

“Zamani,” akasema, “mwanamuke akizala, alirudi kwa mama yake mpaka mutoto ajue kukimbia. Bwana akimufuata kabla ya ile, kijiji yote ilimucheka. Ile desturi haikutoka Kinshasa. Sasa dawa yako inafanya nini?”

“Inapumuzisha mama, Mama.”

“Donc, basi sema vile! Juu ya nini ulianza na hesabu?”

Akamwita mwanawe. “Saidi, baiskeli yako unaipumuzisha kila siku ya Mungu. Bibi yako iko chuma kushinda baiskeli?”

Aziza alifunika mdomo asicheke. Saidi akainamisha kichwa, na kesho yake akampeleka mwenyewe kwa muuguzi. Leo mtoto wao wa mwisho anakimbia, na Aziza yuko hai, anauza chikwangue, mikate ya muhogo, kwa sauti inayosikika ng’ambo. Majirani nao walirudi na vichanga vyao, wakiongozwa na Mama Asumini.

Shika hili, mwanangu. Mpango wa Serikali waweza kubeba dawa njema, lakini ukiingia kwa kuhesabu watu, watu watajificha, na wagonjwa watajificha nao. Waulize kwanza wenyeji walijilindaje kabla hujaja. Penye wazee haliharibiki neno. Najivunia kuzaliwa na wanawake waliojua kupumzisha mama kabla hakijachapwa kijitabu chochote. Usiwaonee haya.

Mungu akujalie uzao unaoutamani, kwa wakati unaoutamani, na akuache hai uuone ukizeeka.