Nilisingizia Mahindi, Sasa Mke Wangu Anataka Kumtaja Marehemu

Admin, kabla hujaweka kisa hiki toa kabisa jina langu na la kijiji chetu, kwa sababu mke wangu naye hufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina mke na binti wa miaka kumi, na nyumbani kwetu si mbali na Rodi Kopany. Kazi yangu ni kutengeneza injini za boti kule Sindo, kwa hivyo wiki tatu niko ziwani, moja niko nyumbani. Nimerudi Jumatatu, na tangu siku hiyo ninaishi kwa hofu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akitupikia chakula pale ufuoni. Hayakuwa mapenzi, ulikuwa upuuzi wa mtu aliye mbali na kwake. Baada ya miezi kadhaa nikaotwa na vinyama vidogo sehemu za siri, haviumi, vinawasha tu. Hospitali niliona aibu kwenda. Sasa, msimu huo huo mvua ilikuja mapema nikapanda mahindi yangu kabla ya kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa bado kwake Migori. Kwetu Wajaluo mkubwa ndiye hutangulia kupanda, na anayemruka huingiwa na chira, laana inayomkausha mtu mwilini. Nilipomwambia mama kuna kitu kinanisumbua mwilini, hakuuliza ni wapi. Alisema tu, "Si nilikuambia? Umeruka ndugu yako." Nami nikashukuru moyoni, maana mahindi ni kosa ambalo mtu anaweza kukiri mbele ya watu.

Tukatafutiwa manyasi, dawa ya mitishamba ya kuosha chira, tukanywa mimi na mke wangu kutoka chombo kimoja kama inavyotakiwa. Vinyama vikapungua polepole, mwishowe vikaisha vyenyewe. Boma zima likasema nimepona. Hata mimi niliamini, au tuseme nilitaka kuamini.

Mwezi uliopita mke wangu, ambaye husuka nywele sokoni, alienda na wenzake kupimwa mlango wa kizazi. Majibu yakaja kwamba ana virusi vya HPV, na kuna sehemu imeanza kubadilika. Aliambiwa bado si saratani, lakini itibiwe mapema isije ikafika huko. Akapewa tarehe, Jumatatu ijayo. Naye kwa roho yake safi akamweleza mama yangu kila kitu, hata kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa ngono. Mama akamwita kwa jina la kwao, binti wa Kendu: "Nyar Kendu, ugonjwa wa huko hauletwi na upepo. Huyu mtoto wangu tulimwosha akawa safi. Wewe umetoa wapi?"

Sasa wazee wa boma wameitwa Jumamosi. Mke wangu anatakiwa amtaje mwanaume aliyetembea naye, kisha anywe manyasi. Asipotaja, dawa haitashika na atakufa. Na mama amesema manyasi hayachanganywi na dawa ya hospitali, kwa hivyo hiyo Jumatatu asahau kwanza. Nilipojaribu kusema kidogo, mama akaniambia, "Wewe nyamaza, wewe ndiye umekosewa." Nikanyamaza.

Jumanne nilitoroka nikaenda kliniki moja Homa Bay ambako hakuna anayenijua. Nilimwambia muuguzi yote. Akasema mwanaume anaweza kubeba virusi hivyo miaka bila dalili yoyote. Kwamba vile vinyama kwa kawaida huletwa na aina nyingine, si ile ya saratani, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Nikamwuliza kama kuna chanjo anidunge hapo hapo. Akaniangalia kwa huruma. "Chanjo iko, hata wanaume wanadungwa," akasema. "Lakini inazuia, haitoi kile kimeshaingia. Ni vizuri mtu apate akiwa bado mdogo. Kwani uko na mtoto?" Nilitamani ardhi inimeze. Chanjo ilipoletwa shuleni kwa binti yangu, mimi ndiye niliyekataa, nikamwambia mwalimu wanataka kufundisha watoto wetu umalaya.

Akaniambia pia kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha nani alimpa nani. Mfa maji hukamata maji. Neno hilo la muuguzi nimelishika siku mbili nikijiambia pengine si mimi. Lakini namjua mke wangu. Tangu nimwoe hajalala nje ila siku za matanga.

Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi, yeye na mimi tu. Akaniambia bila hata kuinua macho, "Baba Achieng, nimefikiria sana na sikumbuki mwanaume yeyote. Lakini sitaki kufa nimwache mtoto. Nitamtaja yule jamaa wa Kendu Bay aliyetaka kunioa kabla yako. Alishakufa, na hakuacha mke, kwa hivyo hakuna mtu ataumia. Nitasema tulikutana nilipoenda kumzika shangazi." Akaniuliza kama wazee wataamini.

Nikisema ukweli, kaka zangu watajua, mama atajua, na huenda mke wangu akachukua mtoto akarudi kwao. Nisiposema, ataitwa malaya maisha yake yote kwa uongo aliojitungia mwenyewe, na Jumatatu itapita bila matibabu. Ninaogopa atakufa, na ninaogopa atajua. Nina haya kusema kwamba sijui ni lipi ninaloogopa zaidi.

Alipomaliza kuongea aliweka gunzi chini, akanishika mkono, akaniomba nimsamehe. Nikamjibu kwamba nimemsamehe.

Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini kabla ya Jumamosi. Nifanye nini?