Siku Niliyomvua Mgeni Kofia

Jamani, mwenzenu nimeaibika mara nyingi katika maisha haya (lile gauni la bibi harusi lililokataa kupita kichwani mnalijua), lakini aibu ya siku ile ni ya peke yake, mpaka leo nikiikumbuka nikiwa cherehani mguu unasimama wenyewe nasema "Yesu na Maria!" kwa sauti, wateja wanadhani nimejichoma sindano.

Ilikuwa hivi. Tulipata ugeni parokiani, Wamarekani wawili, ndugu wa tumbo moja, Bwana Haroldi ndiye mkubwa na Bwana Filipo ndiye mdogo, watu wazima wenye wajukuu. Mjomba wao alikuwa padre mmisionari, kazikwa hapa hapa kwetu nyuma ya kanisa, na mama yao kabla hajafa aliwaachia wosia kwamba waje wote wawili, kwa pamoja, waweke shada la maua kwenye kaburi la kaka yake. Mkalimani nikachaguliwa mimi, fundi cherehani wa Kanyenye hapa Tabora, maana niliwahi kuwapikia walimu wa Kizungu miaka minane, na Kiingereza changu kinanuka vitunguu lakini kinafika.

Padre akaniita pembeni mapema. "Mama Sabina, hawa ndugu kule kwao ni wanasiasa. Waligombea umeya wa mji wao, kila mmoja na chama chake, wakatukanana kwenye televisheni mchana kweupe. Wewe tafsiri yanayosemwa tu, usitie chumvi."

"Nimekuelewa, Padre," nikasema, na haki ya Mungu nilidhani nimeelewa.

Sasa hapo ndipo nilipojikaanga mwenyewe. Siasa za Marekani mimi nazitazama kwenye simu ya mume wangu, unamwona mtu mzima kavaa tai nzuri anamwambia mwenzake mwongo wewe, mwizi wewe, huna akili wewe, halafu kesho yake wote wapo, hakuna aliyepelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, hakuna aliyetozwa mbuzi. Siku nyingi nilijiuliza, hawa wanawezaje? Mwisho nikajijibu: hawa ni watani! Maana kwetu huku nani mwingine atakutukana hadharani ukacheka? Wazee wetu Wanyamwezi walipita Ugogo na misafara, mizigo mabegani, wakagombana na Wagogo visimani, wakapatana, na tangu hapo ni utani mpaka kesho. Padre wetu mwenyewe Mgogo. Mimi humwambia aliletwa Tabora na njaa, yeye huniita mpagazi, na mwaka juzi nilimfichia baiskeli siku tatu mpaka akaikomboa kwa jogoo. Ndio utani ulivyo, unamnyang'anya mwenzio kitu chake, anakikomboa, watu wanacheka, mnakula.

Basi, Jumapili baada ya misa tukajipanga makaburini, kwaya, wazee, watoto, parokia nzima. Bwana Haroldi kavaa kofia pana ya majani (hata kanisani hakuivua, kina mama wakanong'ona sana), kasimama upande huu na shada lake, Bwana Filipo kasimama kule, kati yao kwaya yote. Hawatazamani. Bwana Haroldi akashukuru kwa sauti ya chini kwamba tumemtunza mjomba wao, na kwamba mama yao angefurahi kuwaona hapa wote wawili. Nikatafsiri vizuri kabisa, ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nikaona mkutano umepoa, watu wamenuna kama wanasubiri matokeo ya mtihani, nikajisemea, ngoja niongeze kasentensi kamoja tu.

"Na anasema," nikaongeza, "huyo mdogo wake msimwone kavaa shati jeupe, ni mwongo tangu tumboni mwa mama yake!"

Weee! Watu walicheka, vigelegele, mzee mmoja akapiga fimbo chini. Bwana Filipo naye akatabasamu kwa adabu, akaniuliza kwa Kiingereza, kilichochekesha ni nini, nami kwa furaha yangu yote nikamwambia. Tabasamu likafutika. Nikadhani anatafuta la kujibu, nikamsaidia (mimi tena!), nikageukia watu: "Na yeye anajibu kwamba kaka yake ni mwizi, alikula hela ya mji mzima!" Watu hoi. Bwana Haroldi naye akaniuliza, nikamtafsiria, akainamisha uso. Padre akakohoa mara tatu, mimi nikadhani vumbi.

Nikaona hawa wageni waoga, wanahitaji kufundishwa. Nikamsogelea Bwana Haroldi, nikamnyakua ile kofia, nikaiinua juu na kumpigia kelele mdogo wake kwa Kiingereza: "Ikomboe! Kofia ya kaka yako, njoo uikomboe!"

Kicheko kilikatika palepale.

Kichwani hapakuwa na unywele hata mmoja. Kulikuwa na mshono kutoka juu ya sikio mpaka kisogoni, bado mwekundu, wa juzijuzi. Yule mzee hakunikemea wala hakuinua mkono kujifunika. Alisimama vile vile na jua linampiga, mimi nimeshika kofia yake hewani, na mkono ukakataa kushuka. Nilitamani lile kaburi linimeze na mimi.

Bwana Filipo akapita katikati ya kwaya, akaja mpaka mbele ya kaka yake. Akauliza kwa Kiingereza, "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Nani alikuwa nawe hospitali?"

"Wauguzi."

Nyuma yangu kina mama wananivuta khanga, "Mama Sabina, wanasemaje? Tuambie wanasemaje!" Sikusema kitu. Ndiyo mara ya kwanza mimi kunyamaza tangu nibatizwe.

Bwana Filipo akaichukua kofia mkononi mwangu, akamvalisha kaka yake, ikakaa upande, na kaka yake hakuinyoosha. Kisha akawageukia watu, akaniambia nitafsiri. Nikatafsiri neno kwa neno, bila hata chembe ya chumvi: "Miaka sita iliyopita nilisema mbele ya mji wetu mzima kwamba kaka yangu ni mwizi. Nilijua si kweli. Nilitaka kushinda, na nilishinda. Tangu siku ile hatujasemezana. Nililisema mbele ya watu, basi nalifuta mbele ya watu."

Bwana Haroldi hakumkumbatia mtu. Akasema, "Umechelewa." Halafu akamsogezea shada, "Shika upande huo," wakaliweka wote wawili.

Wakati wa chakula Padre akanivizia jikoni. "Mpagazi wewe," akasema, lakini hakuwa anacheka, "utani ni wa watu waliokwisha kupatana. Wale walikuwa bado wana vidonda, wewe ukavitia chumvi niliyokukataza."

Sasa sikilizeni aibu yenyewe, maana kofia ni nusu tu. Watu wakaanza kunisifu, eti Mama Sabina kapatanisha Wamarekani, eti ana karama, na mimi nikazipokea hizo sifa, nikatingisha kichwa kwa unyenyekevu kabisa! Bwana Haroldi nilimwomba radhi, ndiyo, lakini nilimwomba nyuma ya jiko, kati ya masufuria, kwa Kiingereza na kwa kunong'ona, asisikie mtu. Akanijibu kwa upole, "Yamekwisha, mama." Kesho yake wakapanda treni.

Hayajakwisha. Mtu kavuka bahari, akasimama mbele ya watu asiowajua akasema nilikosa, na mimi hapa kwetu, mbele ya watu walionizaa, nimeshindwa. Nilimvua mgonjwa kofia ili watu wacheke, ndivyo ilivyokuwa, hakuna karama hapo. Kutia chumvi kwenye maneno ya mtu nimeacha kabisa. Na ndiyo maana leo nawasimulia ninyi kwanza, mkiwa wengi hivi, nijizoeze, kwa sababu nimemwomba Padre kipaza sauti Jumapili hii baada ya matangazo. Dakika mbili tu. Chekeni mkitaka, lakini mje.