Ukurasa wa Ndiga

Duka langu liko Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na ndani yake utapata kila kinachomwezesha mtu kuingia porini na kutoka salama: mapanga, tochi za kichwani, kamba, maturubai, mabuti ya mpira, madumu. Mimi mwenyewe pori nimeliona kupitia dirisha la basi. Nimezaliwa Dar, nimesomea Dar, na nyika yangu kubwa kabisa ni viwanja vya Mnazi Mmoja. Lakini niulize chochote kuhusu pori. Nitakujibu, na nitakujibu sawasawa, maana ninalo daftari.

Ni daftari dogo la kuingia mfuko wa shati, nimelivalisha nailoni lisilowe jasho. Nililianza siku nilipogundua kwamba wateja wangu wanajua mengi kuliko walimu wangu wote. Kila anayenunua panga namuuliza swali moja: kitu gani kiliwahi kukuokoa? Watu wanapenda sana kuulizwa hivyo. Mchimba madini mmoja alinieleza namna ya kupata maji kwenye korongo kavu: chimba upande wa nje wa kona, pale mchanga unapokuwa na ubaridi. Mrina asali akanifundisha kwamba ukigundua umepotea, keti kwanza, kwa sababu wengi huuawa na haraka zao. Mama mmoja wa Liwale alinizuia kuandika mpaka nirudie maneno yake kwa mdomo mara tatu. Majirani wakanibandika jina la Bwana Nyamapori, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

Barazani kwangu anakaa fundi viatu, mzee wa Kihehe aliyekulia kwenye mapori ya Iringa akifuga nyuki na baba yake. Mimi ni Mngoni. Asiyejua habari za utani atadhani sisi ni wendawazimu. Mababu zetu walipigana, na sisi wajukuu tumeachiwa haki ya kutukanana maisha yetu yote bila mtu kukasirika. Ananiita mtumwa wake mbele ya wateja. Mama yangu alipofariki, alikuja akalala chini mbele ya jeneza, akagoma kuinuka mpaka tumlipe, na ndiye mtu pekee aliyenichekesha siku ile.

Basi siku moja aliniona naandika, akasema, "Mtumwa wangu, andika na hili. Ukishikwa na kiu porini, tafuta mmea wa ndiga. Unatambaa, una miiba, majani yake matatu matatu. Chimba kiazi chake, menya, tafuna hapo hapo. Kitamu, kimejaa maji." Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri viatu vyao walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilidhani wanaicheka kalamu yangu. Nikaandika kila neno, tena "kitamu" nikalipigia mstari.

Mdogo wangu wa kike hununua asali vijijini upande wa Tunduru na kuileta mjini. Mwaka jana, mwezi wa saba, alinipigia saa nane mchana. Pikipiki waliyopanda ilikuwa imekatika mnyororo, dereva ameondoka tangu asubuhi kwenda kutafuta mwingine, maji yamekwisha, na yeye yuko juu ya kichuguu anatafuta mtandao, simu inakaribia kuzima.

"Kaka," akasema, "fungua daftari."

Sijawahi kujiona mtu wa maana kama dakika ile. Nilisoma kwa sauti mpaka wateja wakanyamaza. Asiiache barabara. Akae kivulini. Je, kuna korongo karibu? Hakuna. Basi nikafunua ukurasa wa ndiga, nikamsomea taratibu kama khatibu: miiba, majani matatu matatu, chimba, menya, tafuna.

"Ipo hapa," akasema. "Imeanza kukauka, lakini majani ni matatu ma..."

Simu ikakatika. Niligeuka nikitabasamu. Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, kiatu cha mtu mkononi.

"Umemsomea nini?"

"Ndiga. Ile yako."

"Mtani," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuniita mtumwa. "Ndiga mbichi inaua. Wakati wa njaa watu huikatakata, wakailoweka mtoni siku kadhaa ndipo waile, na hapo ni kwa anayeijua. Hata mtoto wa porini anajua. Nilikuwa nakutania."

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kosa la Mngoni wa Kariakoo: nililichukua neno la mtani nikaliandika kama cheti cha daktari.

Nilipiga namba ya mdogo wangu, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nikampata mwenyeji wake wa kijijini, lakini nikaanza na habari za daftari, fundi viatu akaninyang'anya simu. "Pelekeni pikipiki, sasa hivi," akasema. "Mkikuta ametafuna, msijaribu dawa zenu. Mkimbizeni zahanati." Kisha tukangoja. Mimi nilikaa juu ya maturubai, yeye juu ya kigoda chake, nyundo imelala. Nilimchukia. Nilijichukia zaidi, kwa sababu sauti aliyoiamini mdogo wangu ilikuwa yangu.

Jua lilikuwa linazama aliponipigia kwa simu ya mtu mwingine. Alikuwa zahanati, ametapika, midomo imevimba, maneno yanatoka kwa taabu.

"Nilitafuna mara mbili kwa sababu umesoma wewe," akasema. "Ulisema kitamu. Kaka, kilikuwa kichungu, kikanichoma ulimi. Nikajiuliza, kama wamekosea utamu, wamekosea nini kingine? Nikatema."

Nililia mbele ya wateja, na sikuona haya.

Daftari sikulitupa. Nililisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa kila mtu wa porini aliyekanyaga dukani, nikafuta mambo kumi na moja. Siku hizi kando ya kila neno nimeandika aliyenipa anatoka wapi na nani amelithibitisha, na neno la mtani haliingii mpaka lipite kwa mtu asiye na haki ya kunitania. Leo nikikusomea ukurasa, unaweza kuufuata.

Mzee ndiye aliyekuwa kazi ngumu. Alianza kuniamkia, "Habari za asubuhi, ndugu," akiinamisha kichwa. Nikimwita mwizi wa mizinga, anasema ahsante. Heshima ile iliniuma kuliko matusi yake yote ya miaka kumi na miwili, lakini sikujua namna ya kumrudisha.

Mdogo wangu alirudi wiki iliyofuata, midomo bado inabanduka ngozi. Hakuingia dukani. Hakumwamkia mzee shikamoo. Alitua begi, akaketi juu ya mkeka wa kazi wa mzee, akanyoosha miguu katikati ya viatu vya watu.

"Mtumwa wangu," akamwambia, "nina kiu. Ulinikausha. Niletee maji."

Baraza nzima ikageuka. Mzee akainuka, akavuka kwa mama ntilie, akarudi na glasi iliyojaa, ameishika kwa mikono yote miwili. Akachuchumaa, akampa. Mdogo wangu akaipokea, akaitazama juani, akamrudishia.

"Onja kwanza."

Watu walipasuka kwa kicheko. Mzee akainywa glasi yote bila kupumua, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, kisha akajifuta kwa kiganja.

"Nyie Wangoni," akasema, "hamfi hata mkilishwa sumu."

Akaenda kumletea glasi nyingine.