Nilijibu "Sijambo", Karatasi Ikaandikwa Nimepona

Wapendwa wasomaji, mwenye ukurasa huu amekubali kulificha jina langu. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu hapa Musoma. Kwetu ni upande wa Butiama, lakini tangu mama afariki mwaka jana naishi Nyakato kwa mama mdogo.

Baada ya msiba nilikuwa silali. Kengele ya shule ikilia nilishtuka mpaka kalamu inadondoka. Mama mdogo akasema, "Wewe mtoto unashtukaga kama kuku aliyeona kicheche. Twende hospitali." Huko tulimkuta muuguzi anayehudumia vijana wenye shida kama yangu. Kila Jumatatu nilikaa naye, nikamweleza hata yale ambayo nyumbani sikuyasema. Nilimpenda, nikawa namwita Dada.

Kila mwezi kulikuwa na karatasi ya maswali, iliyorudufiwa kwa saiklostaili, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Umekosa usingizi siku ngapi? Umelia bila sababu? Unajibu sifuri, yaani hakuna shida, hadi tatu, yaani shida kubwa, ili ijulikane kama matibabu yanasaidia. Mwezi wa kwanza nilijaza mwenyewe. Dada akaniambia, "Hapa usinionee haya. Niambie ukweli tu." Miezi iliyofuata akasema atanijazia yeye tukiwa tunaongea. Nikamwamini.

Wiki iliyopita alinituma nimpelekee daktari faili, chumba cha pili. Juu yake niliona namba yangu ya matibabu, nikafungua. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini. Mwisho kumeandikwa: amepona, matibabu yafungwe. Na mwezi huohuo nilikuwa nimemwambia kwamba nikipakua chakula bado namtolea mama sahani.

Nikarudi nalo mkononi. "Dada, mbona sifuri?"

Hakukana. "Mdogo wangu, kila ukiingia hapa nakuuliza hujambo, unasema sijambo. Niliandika ulichosema."

"Ile ni salamu, Dada. Mkubwa akikuuliza hujambo utamjibu nini kingine?"

Akageuza kalamu mezani. Kisha akasema taratibu, "Wageni wanaotusaidia kwa fedha wanakuja mwezi ujao kuangalia hizo karatasi. Wakikuta hamponi, wataifunga huduma hii. Wewe utakwenda wapi? Na yule binti mwenzako wa Manyamanyama, anayekuja huku kutoka Bunda kila wiki?"

Sina hasira na zile sifuri. Kinachoniuma ni kwamba nilipokuwa nalia mbele yake alishika kalamu, nami nikadhani ananiandika mimi.

Wageni wanakuja, nami nimechaguliwa kuulizwa mbele yao kama mmoja wa waliopona. Nikisema ukweli, huenda nikawafungia wenzangu mlango. Nikinyamaza, faili langu litafungwa, na mimi sijapona. Lakini kweli Dada alikuwa ananisaidia. Juzijuzi nilipata usingizi usiku wa siku tatu mfululizo, na ningependa kuendelea.

Siku hiyo nitaingia, nitasema shikamoo, Dada ataitikia marahaba, kisha ataniuliza hujambo huku wageni wakisikiliza. Ndugu zangu, nishaurini, nimjibu nini?