Minofu ya Kindi

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Mwananyamala ilikuwa bado mashamba ya mihogo na mikorosho, na kazi yangu na ya kaka yangu Shabani ilikuwa kuua kindi. Aliyetutuma ni bibi, mama yake baba. Kindi walifukua mbegu za karanga kabla hazijaota, na bibi hakuwa na huruma kwa chochote kilichogusa mbegu zake. Nyama ilikuwa yetu.

Kindi akiingia kwenye tundu la mkorosho, Shabani aliwasha majani na kusukumia moshi ndani, mimi nikisubiri upande wa pili na kikapu. Kindi alitoka macho hayaoni, anapiga chafya kama mtu. Shabani alimkanyaga, akamchinja upesi asije akawa kibudu. Hata baada ya kuchinjwa, mwili uliendelea kutetemeka mkononi. Tulishindana nani wake atatetemeka zaidi, na tulicheka sana. Kisu kilikuwa kile kidogo cha bibi cha jikoni. Shabani alikisafisha kwa kukichoma mchangani mara mbili tatu, akakirudisha mahali pake.

"Mume wangu, leo umeniletea nini?" bibi alimwuliza Shabani siku moja.

"Mkia, bibi. Nyama utaitafuna kwa meno gani?"

"Meno sina, fimbo ninayo."

Kisha akamwona Tatu, mke mpya wa baba, amesogea kutazama chungu chetu, na utani ukamtoka usoni. "Wewe, ondoka hapo. Mja mzito hali kindi. Ukimla, mtoto atatetemeka hivyo hivyo mpaka afe."

"Nimesikia, mama," alisema Tatu.

"Mnasikia hapa. Kwenu Pugu hamwachi kitu chenye mkia."

Mimba ya Tatu ilikuwa imefikia mwezi wa nane. Mama yangu alikuwa amepewa talaka na kurudi kwao Msasani. Hakuna aliyenifundisha nilichowaza baada ya onyo lile. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe: Tatu asipopata mtoto ataachwa, na akiachwa mama atarudi. Nilikuwa na hakika kabisa.

Siku chache baadaye bibi alikwenda msibani. Tulikuwa tumeua kindi wawili. Shabani aliwababua manyoya motoni na kuwapasua, nami nikawachemsha kwa chumvi na ndimu. Nikakaa nyuma ya jiko, nikachambua minofu yote, mfupa kwa mfupa, nikaitia tui zito. Hadi leo nikichambulia wanangu samaki, vidole vinafanya kazi vyenyewe. Shabani aliniangalia, akajua, akaenda zake.

"Mama mdogo, nimekupikia kwale," nilimwambia Tatu.

Alikuwa na hamu ya nyama, na nyumbani kwetu kitoweo cha kila siku kilikuwa kisamvu. Alikula akilamba vidole. Akaniachia tonge moja kubwa lenye minofu. "Na wewe kula, mwanangu. Mpishi halali njaa."

Nilisema nimeshiba.

Hazikupita wiki mbili, akajifungua mtoto wa kiume. Bibi ndiye aliyemzalisha, kama alivyozalisha nusu ya mtaa, na kitovu alikikata yeye. Siku ya saba mtoto alipewa jina. Siku ya nane alikataa ziwa. Taya zilikaza, mgongo ukajipinda, na kila mtu alipomgusa au mlango ulipogonga, alitetemeka. Niliutambua mtetemeko ule. Nilikuwa nimeushika mkononi mara nyingi.

Bibi alisema ni degedege, akamfukiza kwa moshi wa mavi ya tembo. Mtoto alipiga chafya ndani ya moshi ule. Mimi nilisimama mlangoni.

"Ulikula nini?" bibi alimwuliza Tatu.

"Sikula kitu, mama. Kwale tu, alionipikia Mwajuma."

Bibi alinigeukia. "Ulimpa kwale?"

"Sikumpa kitu," nilisema. "Alituomba kindi tukamkatalia. Baadaye tukakuta nyama imepungua chunguni."

Tatu alinitazama. Shabani alikuwa pale pale, akikuna ukuta kwa ukucha. Bibi alimwambia baba, aliyekuwa amerudi kutoka bandarini, "Si nilisema mie? Kamla mwanawe mwenyewe, na mwizi juu."

Mtoto alikufa siku iliyofuata. Baada ya matanga baba alimpa Tatu talaka. Alitoka na furushi kichwani, kanga imelowa kifuani kwa maziwa ambayo hayakuwa na wa kuyanyonya. Alinikuta njiani nikichota maji, akatua furushi.

"Mwajuma, ile ilikuwa nyama gani? Niambie mie tu. Sirudi tena hapa."

"Kwale," nilisema.

"Haya," alisema, akajitwisha furushi lake.

Mama hakurudi. Alikuwa ameshaposwa na mtu mwingine huko huko Msasani, na baba alioa mke wa tatu kabla ya mavuno ya korosho.

Nilikaa na jambo hilo miaka mingi, nikiamini kwamba niliua kwa nyama. Shule niliyosoma haikunitoa imani hiyo. Kisha nilipokuwa na mimba yangu ya pili, muuguzi kliniki alituonya tusikubali kitovu kikatwe kwa kisu cha nyumbani. Alisema udongo ukiingia kwenye kidonda, mtoto huacha kunyonya siku ya saba au ya nane, hukaza taya, hutetemeka akiguswa. Akauita pepopunda. Wenzangu walikuwa wakiongea na kucheka. Mimi nilikuwa naona mkono wa Shabani ukichoma kisu mchangani, na mkono wa bibi ukikichukua jikoni.

Bibi alikwisha kufa zamani, akijisifu kwamba onyo lake lilitimia. Shabani nilipomweleza alisema tulikuwa watoto, akabadilisha mazungumzo. Kwa dakika chache pale kliniki na mimi nilihisi nafuu: minofu ile haikuua mtu. Nafuu haikudumu, kwa sababu nyama ikiondoka kwenye kesi, unabaki uongo nilioutoa kwa mdomo wangu, mbele ya bibi na tena njiani, na mara ya pili hakuna aliyekuwa ananisikiliza isipokuwa Tatu.

Nilisikia Tatu yu hai, anauza mkaa, na hakupata mtoto mwingine. Pugu si mbali, mabasi yanakwenda asubuhi na jioni. Nina watoto watano na kazi zisizokwisha, na hilo ndilo ninalojiambia. Sijakwenda.