Sauti ya Misiba Iliyoahidi Kisima

Umande bado haujakauka juu ya mabati ya kambi, na bajaji ya Thavarasa tayari inakohoa barabarani. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika kipaza sauti. Spika mbili zimefungwa juu ya paa kwa mipira, moja inatazama mbele, nyingine nyuma.

"Tunasikitika kutangaza kifo," anasema taratibu. "Mzaliwa wa Iluppaiyadi, mkazi wa Kambi ya Shule ya Zamani, Bibi Sinnapillai..."

Hivyo ndivyo msiba unavyotangazwa huku kaskazini mwa kisiwa, rasi yote ya Jaffna: kwanza ulikozaliwa, halafu unakoishi, ndipo jina lako. Wanawake waliopanga ndoo bombani wanainamisha vichwa. Mmoja tu, Kanagamma, jirani yake tangu utotoni, anapaza sauti.

"Thavam! Huyo amekufa kweli, au ni kampeni?"

Wenzake wanaangua kicheko. Thavarasa anacheka nao, lakini hageuzi shingo.

"Amekufa kweli, dada," anajibu, na kuongeza mafuta.

Ana miaka hamsini na minane, na kazi hii ameifanya tangu ujana. Hutangaza sherehe za hekalu, ng'ombe waliopotea, hata mnada wa samaki. Msiba mmoja humpa rupia elfu tatu, petroli ikiwa juu ya wafiwa.

"Lakini jina nililipata kwenye misiba," anasema. "Sauti ya msiba haidanganyi. Nikisema fulani ametutoka, hakuna anayeuliza mara mbili. Watu wanavaa, wanakuja."

Kijiji chao, Iluppaiyadi, kiko nyuma ya uzio wa jeshi. Walihamishwa wakati wa vita. Vita vikaisha, uzio ukabaki. Ukisimama kwenye ngazi za hekalu unaona vilele vya mivumo yao kule ndani, na mapera yao, kama yapo, wanayala askari.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa mabadiliko. Sote tuliushangilia, tusidanganyane. Mgombea mmoja, wakili mwenye ulimi wa asali, aliahidi katiba mpya, na ardhi kurudi kwa wenyewe kabla ya Pongal, sikukuu ya mavuno. Akamwajiri Thavarasa.

"Msidhani ni pesa tu," anasema. "Niliamini. Ningemtangazia hata bure."

Hapo ndipo alipokosea. Wapiga debe wengine walipayuka na kufungulia muziki. Yeye alizima muziki, akaitangaza ahadi kwa sauti ileile ya misiba, taratibu, kwa mpangilio uleule: "Wazaliwa wa Iluppaiyadi, wakazi wa Iluppaiyadi, Pongal hii mtapikia nyumbani kwenu." Watu walitoka mabandani wakilia. Msimamizi wa mgombea akampigia makofi.

"Bora angenipiga kofi moja la uso," anasema leo.

Maana wiki zilezile wilaya ilikuwa ikigawa nyumba za matofali upande wa pili wa mji, kwa waliochoka kungoja. Mama yake, Valliammai, alipangiwa moja. Akaikataa.

"Nilimwambia, mama, chukua kwanza, mengine tutaona. Akanijia juu: 'We mtoto, jana umetangaza nini? Au yule alikuwa nani?' Akasema yeye siku akifa atatolewa kwenye lango lake mwenyewe, mabegani mwa watu, si kwenye nyumba ya kupewa."

Majirani walipoona mama mzazi wa mtangazaji amekataa, nao wakakataa. Kanagamma alikuwa wa kwanza.

Wakili akashinda. Ikaja kamati ya kukusanya maoni ya katiba, Thavarasa akatangaza tena, ukumbi wa shule ukafurika. Valliammai akasimama kwa mkongojo.

"Katiba siijui, wanangu," aliwaambia. "Nakijua kisima changu. Nirudishieni."

Baada ya miezi likaja lori na tangi la plastiki, limepakwa maandishi kwamba maoni ya wananchi yamesikilizwa. Loo! Mama wa watu ameomba kwake, kaletewa tangi. Bado lipo, limepauka, kuku wanalala chini yake.

Pongal ikapita, na nyingine. Wakubwa wakagombana bungeni, katiba ikabaki rasimu, nyumba za matofali zikaisha. Valliammai akafia ndani ya banda, msimu wa mvua.

Thavarasa alimtangaza mwenyewe. "Mzaliwa wa Iluppaiyadi," alisema, "mkazi wa..." Akakwama. Bajaji ikaendelea kwenda, spika zikivuma tu. Kisha akamalizia: "Mkazi wa Iluppaiyadi."

Kanagamma alikuwa kando ya barabara.

"Thavam!" alimfokea. "Hata juu ya maiti ya mamako unapiga kampeni?"

Anayasimulia haya akikoroga chai iliyokwisha kupoa. "Angenitukana ningemjibu. Lakini alisema kweli."

Tangu siku ile kila maiti humtaja kuwa mkazi wa kambi.

Sasa uchaguzi umerudi. Juzi wakala wa mgombea mpya alikuja na mabango kwapani.

"Kaka, tunaitaka ile sauti yako. Ile ya taratibu."

"Bajaji ipo, spika zipo," Thavarasa alimjibu. "Mheshimiwa apande mwenyewe, ashike kipaza, aahidi kwa mdomo wake. Mimi nitaendesha."

"Mheshimiwa hana muda huo, kaka."

"Basi na mimi sina sauti."

Mkewe, Loshini, alikuwa akikuna nazi akisikia yote. "Haya, hela ya paa hiyo imeondoka," alisema. "Mvua ikija tutajifunika msimamo wako."

Kura atapiga? "Nitapiga. Kidole nitakitia wino kama kila mtu. Kuwaombea wengine kura ndiko kulikonishinda."

Kuna tetesi kwamba uzio utasogezwa. Amezisikia, hazitangazi. Kinachomnyima raha ni kwamba siku lango likifunguliwa kweli, yeye akapita na spika zake, nani atatoka nje?

Kwa hiyo amepanga. Siku hiyo spika ataziacha nyumbani. Atakwenda kisimani kwa mama yake, atachota ndoo moja, apite nayo banda kwa banda na kikombe, bila kusema neno. Maji ya kambi yana chumvi. Ya Iluppaiyadi ni matamu, na wazee watayajua wakiyaonja.

Mpango huo alimweleza Kanagamma bombani. Kanagamma akatua ndoo yake.

"Anza na kwangu," alimwambia. "Lakini nikitangulia kufa, Thavam, usithubutu kunitangaza mkazi wa kambi."